Mchafuzi wa Mto Lumbe

Msafara ulikwisha kuvuka daraja la pili, ving'ora vikilia mbele na nyuma, na Mzee Shomari Kilongola katikati yake, sanduku la maji mapajani, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mfalme akaambiwa ole wako alie.

Kila baada ya miezi mitatu ndivyo ilivyokuwa katika nchi hiyo. Nchi ina jina, na jina lenyewe zuri tu, lakini kulitaja katika hadithi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambayo afisa wake ameamka vizuri. Tuliache. Wakala wa Hifadhi ya Mazingira, Kanda ya Bondeni, ulikuwa na jukumu la kupeleka makao makuu chupa thelathini za maji ya Mto Lumbe yapimwe, ijulikane kama wananchi wanakunywa maji ama wanakunywa kifo. Jambo la heri. Nchi jirani zote hazikuwa na mto unaosindikizwa na polisi. Chupa zilivingirishwa kitambaa cha mahameli ya kijani, zikapangwa sandukuni, sanduku akapewa Mchotaji aliyeketi kiti cha mbele, na pikipiki mbili zikatangulia kuwafukuza barabarani wale wale ambao maji yao yalikuwa yanakwenda kupimwa.

Mzee Shomari ndiye aliyekuwa Mchotaji. Cheo chake kamili ni Mchotaji Mwandamizi, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza hakulifikia mtu, maana lilidai cheti cha kuogelea, na Wakala wenyewe ulikuwa umepiga marufuku kuogelea.

"Mzee," alisema dereva Feruzi, macho barabarani, "leo hilo sanduku unalikumbatia kama mwizi wa kuku."

"Barabara mbaya."

"Barabara ni ile ile ya miaka yote. Wewe ndiye mbaya leo. Toka Bondeni hujatukana hata mbuzi mmoja." Akanyoosha shingo kuchungulia. "Na chupa ile ya pembeni, iliyochomoza kitambaani, mbona ina rangi ya chai?"

"Tazama mbele, Feruzi."

"Natazama. Lakini nimeona."

"Hukuona."

Feruzi alibadilisha gia, wakapita kilima kizima. Kisha akasema taratibu, "Mzee wangu, mimi nina mama na wadogo zangu wanne. Sikuona."

Hapo inabidi nieleze jambo, kwa sababu mtu wa nchi nyingine anaweza kudhani kuna kasoro.

Maabara ya makao makuu ilikuwa na mashine moja ya kupimia maji, zawadi ya marafiki wa ng'ambo. Mashine inang'aa, ina taa za bluu, ukiiwasha inanguruma kama paka aliyeshiba. Siku ya kuizindua, Mkurugenzi Ngwembe alitoa waraka: kwa kuwa mashine hii ni ya kupimia maji machafu, na kwa kuwa maji machafu yataichafua, ni marufuku kuingiza humo maji machafu. Watu walipiga makofi. Waraka ukabandikwa ukutani.

Mara ya kwanza Mzee Shomari alipeleka maji ya kivuko cha Mivumoni, chini ya bomba la kiwanda cha ngozi. Yakarudishwa. Mara ya pili yakarudishwa na barua. Mara ya tatu akarudishwa yeye, kofia ya kazi imevuliwa, na alikaa nyumbani mwezi mzima akijifunza jinsi mambo yanavyokwenda. Toka hapo alikuwa akipanda mlimani mpaka kwenye chemchemi, pale Mkurugenzi alipojengewa nyumba ya mapumziko, anachota maji yanayoteremka kwenye mawe kama kioo, anaandika kwenye chupa: Mivumoni. Miaka kumi na moja. Taarifa arobaini na nne, kila moja ina kidole gumba chake chini. Maji safi, maji safi, maji safi.

Na taarifa ikishasema maji safi, bendera nyeupe inapandishwa kijijini. Bendera katika nchi ile haikuwa pambo. Penye bendera nyeupe, watu watakunywa mtoni. Kuchimba kisima penye bendera nyeupe ni kosa la jinai. Ni sawa na kumwambia aliyeipandisha kwamba ni mwongo. Ikipanda nyekundu, hapo ndipo mto unafungwa, visima vinaruhusiwa, na lori la maji linakuja. Lakini nyekundu hakuna aliyewahi kuiona. Ilikuwa stoo, imekunjwa, na panya walikuwa wakiizalia.

Kule Mivumoni mbuzi walianza kunyonyoka manyoya. Kisha ngozi za miguu za wafua nguo. Kisha mimba. Zamoyoni, binti wa pekee wa Mzee Shomari, alikuwa ameolewa kijijini hapo, na mimba mbili zilikwishamtoka. Ya tatu ilikuwa na miezi sita. Siku moja kabla ya msafara baba yake alimkuta kivukoni, ndoo kichwani, mkono kiunoni.

"Kuna watu wanasema maji yana kitu," alisema Zamoyoni. "Nikawacheka. Nikawaambia, nyie, anayepima ni baba yangu mzazi. Angeacha ninywe kitu kibaya?"

Mzee Shomari alitazama bendera nyeupe ikipepea juu ya kivuko. Binti alipopanda na ndoo yake, alichutama, akazamisha chupa ya thelathini mtoni, akaifunga.

*

Dirisha la kupokelea sampuli lilikuwa la Bi Skolastika, mwanamke mnene mpole, aliyekuwa hapo tangu siku ya waraka. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji machafu hayavuki. Kipimo chake kilikuwa picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa, ile ya rasmi, ya tabasamu. Anaiweka chupa mbele ya picha. Kama tabasamu linaonekana vizuri kupitia kwenye maji, maji yanapokelewa.

"Karibu, Mzee Shomari. Za Bondeni?"

"Njema, mama. Za hapa?"

"Hapa tunashukuru. Binti hajambo? Ameshajifungua?"

"Bado."

"Mungu atamfungulia salama." Akachukua chupa ya kwanza. Tabasamu. Muhuri. Ya pili, tabasamu, muhuri. Alikuwa na mwendo wake, kama mtu anayemenya maharage huku akizungumza, na mpaka ya ishirini na tisa alikwisha kusimulia habari za magoti yake na za jirani yake anayefuga bata.

Akainua ya thelathini.

Mlezi Mkuu alikuwa wa kahawia. Masharubu hayakuwapo. Kitu kama utando kilikuwa kinapita polepole juu ya jicho lake la kushoto.

Bi Skolastika aliishusha chupa, akaifuta kwa kanga yake, akainua tena. Kisha akaitua mezani kwa mikono miwili, kama yai.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ndogo, "umeniletea nini? Si tuliishi vizuri?"

"Ni maji ya Mivumoni, mama."

"Ya Mivumoni ninayo hapa chupa kumi, nimezigonga muhuri sasa hivi."

"Hizo si za Mivumoni. Hii ndiyo ya Mivumoni."

"Usiniambie." Akaziba masikio. "Usiniambie, baba. Ukiniambia nitakuwa ninajua." Huku amejiziba, machozi yakimlengalenga, akabonyeza kengele ya chini ya meza kwa goti.

*

Mkurugenzi Ngwembe hakuwa mtu wa kufoka. Wanaofoka walikuwa ngazi za chini. Alimkaribisha Mzee Shomari kwenye kochi, akaagiza chai, na chai ikaja imepikwa kwa maji ya chupa yaliyotoka nchi ya mbali yenye theluji, kama ilivyoandikwa kwenye mpango wa Wakala wa kulinda afya ya watumishi waandamizi.

"Mzee Shomari," alisema, "Wakala huu una majukumu saba. Kulinda hewa. Kulinda maji. Kulinda misitu, pamoja na ile iliyokwisha kukatwa, kwa kuwa kumbukumbu nayo ni rasilimali. Kulinda wanyama. La tano..." Akatazama dari. "La tano litanijia. La sita, kulinda takwimu. Na la saba, mzee wangu, ambalo ndilo mama wa yote, ni kulinda utulivu wa wananchi kuhusu hayo sita. Mazingira yakichafuka, yanaweza kusafishwa. Utulivu ukichafuka, utausafisha kwa sabuni gani?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hata mimi sijui. Kunywa chai." Akaivuta ile chupa karibu, bila kuigusa, kwa ncha ya kalamu. "Sasa. Safari ni ndefu, barabara mbaya, mtu unashika kikombe hapa na chupa huku. Chai ikaruka ikaingia. Si ndivyo? Useme tu ndivyo. Tutacheka, utarudi nyumbani."

"Si chai, mheshimiwa. Ni mto."

"Mto hauna maji haya."

"Unayo. Toka bomba la kiwanda mpaka chini kabisa. Watoto wanazaliwa wafu pale. Binti yangu anayanywa."

Mkurugenzi alifunga macho. Katika kanda ile kiwanda cha ngozi kilijulikana kwa jina moja tu, kiwanda cha Shemeji. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni shemeji wa nani, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba kila mtu anajua.

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa na mtu. Ninaomba bendera nyekundu ipandishwe Mivumoni. Basi."

Mkurugenzi akavuta faili nene, akalifungua mapajani, akaanza kugeuza karatasi moja moja kwa upole mkubwa. "Kidole hiki cha nani? Na hiki? Na hiki? Arobaini na nne, mzee. Mara arobaini na nne umeiambia serikali kwamba maji ya Mivumoni ni safi. Leo unaiambia ni sumu. Serikali imwamini Shomari yupi? Wa mara arobaini na nne, au wa mara moja?"

Mzee Shomari alitazama vile vidole vyake vimejipanga, vyeusi, vidogo, kama mchwa walioingia mstari. Hapo ndipo alipojua kwamba mlango alioujia alikuwa ameufunga mwenyewe, kwa muda mrefu, kwa mkono wake.

*

Akafungiwa chumba cha ramani. Ukutani Mto Lumbe ulikuwa umechorwa kwa rangi ya bluu iliyokolea. Saa nane mchana Mkurugenzi akaja na Mwanasheria wa Wakala, kijana aliyevaa suti nyeusi na kubeba sheria zote za mazingira kwenye kijitabu kimoja chembamba.

"Tumshitaki kwa kusafirisha kimiminika cha hatari bila kibali," alisema Mwanasheria.

"Mshitaki."

"Lakini lazima tujue ni kimiminika gani."

"Pima."

"Kwa mashine, mheshimiwa?"

Wakatazamana. Mkurugenzi akafuta jasho. "Asishitakiwe kwa hilo. Tafuta lingine."

Mwanasheria akafunua kijitabu. Mzee Shomari alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, chini kidogo ya Mivumoni. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili, lakini maisha yalikuwa yamemfundisha kusikiliza wakubwa wanapobishana, maana ndipo wanaposahau kufunga milango.

"Mwanangu," alimwambia Mwanasheria. "Samahani. Hiyo bendera nyekundu, kwenye hicho kitabu, inapandishwaje?"

"Hilo halikuhusu."

"Nauliza tu. Tuko hapa tunapoteza muda."

Mwanasheria, kwa kuwa alikuwa kijana na alikuwa anajua jibu, hakuweza kujizuia. "Mto hauwezi kuchafuka wenyewe. Sharti apatikane mchafuzi, ahukumiwe kwa jina. Akishahukumiwa, bendera nyekundu inapanda, na itakaa juu muda wote anaotumikia kifungo. Akimaliza kifungo, kosa limelipwa, mto umekuwa safi. Nyeupe inarudi."

"Na kiwanda hakiwezi kuwa mchafuzi?"

"Mchafuzi ni kiumbe mwenye mikono miwili, kifungu cha nne. Kiwanda hakina mikono."

Mzee Shomari akaitazama mikono yake, akaigeuza, kiganja na mgongo.

"Basi ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyeuchafua. Mto Lumbe. Andika."

Mwanasheria akacheka. Mkurugenzi hakucheka. Kwenye taarifa yake ya mwaka kwa Mlezi Mkuu kulikuwa na sura moja, Wachafuzi Waliokamatwa, ambayo kwa miaka kumi na moja ilikuwa ukurasa mweupe, na marafiki wa ng'ambo walikuwa wameanza kuuliza kwa barua zenye heshima. Akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na yule mzee, magoti kwa magoti.

"Uliuchafua kwa nini, mzee wangu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza mgonjwa ale uji.

"Roho mbaya."

"Roho mbaya, andika. Na ulitia nini?"

"Mnataka niwe nimetia nini?"

"Ngozi zilizooza," alipendekeza Mwanasheria, kalamu mkononi.

"Usiandike ngozi!" Mkurugenzi karibu aanguke na kiti. "Neno ngozi lisionekane popote! Andika... andika majani ya chai."

"Hapana," alisema Mzee Shomari. "Chai haiui mtu. Wataendelea kunywa. Andika sumu."

"Sumu gani?"

"Sumu. Kila siku, miaka kumi na moja. Kwa ndoo."

Mwanasheria akaweka kalamu chini. "Mheshimiwa, kuna tatizo. Taarifa arobaini na nne zinasema maji safi. Kama huyu alikuwa anatia sumu, mbona sampuli zilikuwa safi?"

Nje, kwenye ua, Feruzi alikuwa anaosha gari la msafara.

"Kwa sababu nilikuwa sichoti Mivumoni," alisema Mzee Shomari. "Nilikuwa ninachota juu, kwenye chemchemi, halafu ninaandika Mivumoni. Mara zote."

"Kumbe!" Mkurugenzi akasimama, uso umemng'aa, akampiga Mwanasheria begani. "Kumbe ndiyo maana! Umesikia? Alikuwa anatudanganya! Wakala mzima umedanganywa na mtu mmoja!"

Mzee Shomari alikubali kwa kichwa. Katika yote yaliyoandikwa mchana ule, hilo ndilo lilikuwa la kweli.

"Miaka mitatu," alisema Mwanasheria, akifunua ukurasa wa mwisho. "Kwa kuwa amekiri mwenyewe na ni mzee, atapewa mitatu."

"Mitatu haitoshi."

"Unasemaje?"

"Mwanangu, hesabu nawe." Mzee Shomari akainua vidole. "Mtoto hajazaliwa. Miezi mitatu bado. Anyonye miaka miwili, mama yake huku anakunywa. Hapo mitatu tayari inakaribia kwisha. Halafu atembee, acheze kwenye maji, watoto hawakatazwi maji. Halafu wadogo zake. Miaka mitatu ni ya nini? Niongezeeni."

Mkurugenzi alikuwa amewahi kuona wafungwa wanaomba kupunguziwa, wengine wakilia, wengine wakigaragara. Hili lilikuwa jipya kwake, na kwa dakika moja lilimtisha. Alirudisha kiti nyuma kidogo.

"Unataka mingapi?"

"Yote iliyopo kitabuni."

Mwanasheria akatafuta kwenye kijitabu. Iliyopo ilikuwa ya maisha. Iliwekwa pale na waliotunga sheria kwa ajili ya mapambo, hakuna aliyefikiri itaombwa.

"Na kidole siweki," alisema Mzee Shomari, "mpaka niambiwe nyekundu imepanda. Vidole vyangu nimeshavitoa bure vya kutosha."

Nyekundu ikapanda Mivumoni saa kumi na moja jioni. Aliyepeleka habari makao makuu kwa simu alisema imetobolewa na panya mahali pawili, lakini inaonekana vizuri. Mzee Shomari akaweka kidole.

*

Mkurugenzi Ngwembe alipewa nishani ya Mlinzi wa Mito, na ukurasa mweupe ukajaa. Jukumu la tano halikumjia mpaka alipostaafu. Anaishi karibu na chemchemi.

Mwanasheria alipandishwa cheo, akaenda wizara nyingine, ya uvuvi.

Bi Skolastika aliugua presha, akapumzishwa. Dirisha lake lilizibwa kwa matofali, na sampuli sasa hutumwa kwa maandishi tu.

Feruzi alifanywa Mchotaji Mwandamizi, Daraja la Pili. Alikwenda gerezani mara moja tu, kupeleka ujumbe wa Zamoyoni, kwamba mtu aliyetia sumu kwenye maji ya wajukuu wake asilitaje jina lake wala la mtoto. Feruzi aliufikisha kama alivyopewa. Mzee Shomari aliuliza kama mtoto ni mzima. Akaambiwa ni mzima, wa kike, ana nguvu. Akashukuru.

Nyumba yake ya Bondeni ilichomwa moto na watu wa Mivumoni wiki ya kwanza. Kiwanda cha Shemeji kilitoa magari ya kuwabeba.

Kijijini vilichimbwa visima vitatu. Zamoyoni alizaa tena, wa kiume, naye akaishi. Mbuzi waliota manyoya. Kiwanda kikaongeza bomba la pili, kwa kuwa mto ulikuwa umekwisha kufungwa na hapakuwa na mtu wa kumsumbua.

Mzee Shomari Kilongola alikufa gerezani mwaka wa saba, kwa ugonjwa wa kifua. Kwa kuwa kifungo kilikuwa kimekwisha, bendera nyekundu ilishushwa siku hiyo hiyo, nyeupe ikapandishwa, na visima vitatu vikafukiwa kwa mujibu wa sheria. Watu wa Mivumoni walishangilia kwamba mto wao umepona. Waliteremka kwa vigelegele, na ndoo, na binti wa Zamoyoni akawatangulia mbio, kwa sababu toka azaliwe hakuwa amewahi kuruhusiwa kufika mtoni.